Shemeji anataka kijiko cha cheni, daftari langu linataka cha matairi

Shikamoo Mzee wa Gereji,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kigamboni. Marehemu mume wangu alikuwa na kazi zake ndogondogo za ujenzi: kusafisha viwanja, kupakia kifusi, kusambaza moramu, kuandaa uwanja kabla ya kulaza pevingi. Alipofariki miaka minne iliyopita watu walidhani na kazi itazikwa naye. Haikuzikwa. Niliendelea na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ndiye dereva wa mitambo. Yeye anaendesha, mimi natafuta kazi, naandika daftari na kudai pesa. Kudai ndiyo kazi ngumu kuliko zote, hilo unalijua.

Mpaka leo tunakodi. Hiki kijiko kidogo ambacho mtaani kila mtu anakiita Bobcat, hata kikiwa kimetoka kampuni nyingine kabisa, tunakikodi kwa siku, na mwaka jana pesa ya kukodi ilikula karibu nusu ya tulichoingiza. Sasa nina akiba kidogo, SACCOS yetu imekubali kunikopesha, na nimepata vijiko viwili vya mtumba kwenye yadi moja hapa Dar. Cha kwanza ni cha matairi, shilingi milioni 58. Cha pili hakina matairi, kinatembea kwa cheni za mpira, milioni 83. Saa za kazi zinakaribiana: kimoja kinasoma 3,100, kingine 2,900. Muuzaji ameniambia pia kwamba tairi jipya ni laki 5 moja, na jozi ya cheni mpya ni milioni 7 na laki 2.

Shemeji hataki hata kukikaribia cha matairi. Sababu anayo. Masika ya mwaka jana tulikwenda Mkuranga kusawazisha kingo za mabwawa ya samaki, tukiwa na kijiko cha matairi cha kukodi, kikazama mpaka tumbo. Tulikesha siku mbili, tukatafuta trekta la kukivuta, watoto wa kijiji wakachukua video. Ile video ilimuuma kuliko hasara yenyewe. Tangu siku ile wimbo wake ni mmoja tu: "Shemeji, cheni haikwami." Anasema tukiwa na cheni tutapata kazi ya majaruba ya mpunga Bonde la Ruvu, kuna mtu ameshamwahidi.

Mimi mitambo siijui, ila daftari ninalo. Mwaka jana tulifanya kazi siku 146. Jana usiku nimezihesabu upya. Siku 88 tulikuwa sehemu ngumu: lami, zege, pevingi, moramu iliyoshindiliwa, au kifusi cha nyumba zilizobomolewa. Siku 39 ni mchanga wa huku kwetu. Siku 19 ndizo za tope, na katika hizo, 11 ni ile kazi ya Mkuranga peke yake.

Nilipomwonyesha shemeji akaniambia daftari haliendeshi mtambo. Ni kweli, lakini mkopo una jina langu na dhamana ni nyumba ambayo watoto wanalala. Sitaki kumvunja moyo kijana wa watu. Wala sitaki kulipa milioni 25 kwa ajili ya aibu ya siku mbili.

Nichukue kipi? Na swali dogo la mwisho: cha matairi kimefungwa matairi mapya manne. Muuzaji anasema hiyo ni zawadi kwangu. Niifurahie?

Mama Daftari, Kigamboni

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mwenzio. Miaka minne si mingi.

Jibu ni hili: nunua cha matairi, kikipita ukaguzi nitakaoueleza huko chini, na siku za tope kodi cha cheni. Lakini usimpelekee shemeji jibu hili kama hukumu ya mahakama, kwa sababu kijana hajakosea kila kitu. Kuhusu tope yuko sahihi. Alichokosea ni kuipima kazi ya mwaka mzima kwa siku ile moja iliyomuumiza.

Kwanza uelewe kijiko hiki kinakataje kona, maana gharama zako zote zinaanzia hapo. Hakina usukani wa kukunja magurudumu ya mbele kama gari. Magurudumu ya kushoto yanakwenda pamoja, ya kulia pamoja. Dereva akitaka kwenda kushoto anapunguza mwendo wa upande wa kushoto au kuurudisha nyuma, na mtambo unajizungusha kwa nguvu. Kwa maneno mengine, kila kona ni kuburuta. Tairi halikunji, linasuguliwa chini kama mtu anayezima sigara kwa kisigino.

Mtambo huu ulibuniwa na ndugu wawili mafundi wa jimbo la Minnesota, Marekani, Louis na Cyril Keller, mwaka 1957. Mfugaji wa batamzinga alitaka mashine ya kuzoa mbolea ndani ya banda la ghorofa: nyepesi isivunje sakafu, fupi iweze kugeuka katikati ya nguzo. Wakamtengenezea kitu cha magurudumu matatu. Kwa hiyo babu wa kijiko chako alizaliwa ndani ya banda, juu ya sakafu, mahali pa kubana. Ukikipeleka kwenye jaruba la mpunga mwezi wa nne unakiomba kitu ambacho hakikuzaliwa nacho. Cheni za mpira kwenye vijiko vya ukubwa huu zilikuja miongo kadhaa baadaye, na zilikuja kutibu ugonjwa huohuo uliokukuta Mkuranga.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Kijiko cha matairi cha saizi ya kati kina uzito wa kama kilo 2,900. Kila tairi linagusa ardhi kwa kipande kidogo, tuseme sentimita 25 kwa 14. Matairi manne, sentimita za mraba 1,400. Gawanya: kila sentimita ya mraba inabeba kilo 2 na ushei. Cha cheni ni kizito zaidi, tuseme kilo 3,600, lakini kila cheni inalala chini kwa upana wa sentimita 32 na urefu wa mita 1.4. Cheni mbili zinakupa karibu sentimita za mraba 9,000, na kila moja inabeba kilo 0.4 tu. Mara tano pungufu. Mtazame bata na mbuzi wakipita kwenye tope moja, utaelewa bila kikokotoo.

Kwa hiyo shemeji akisema cheni inapita pale tairi linapozama, mwambie ndiyo. Akisema cheni haikwami, hapo mkatalie kwa upole. Nimevuta vya cheni vilivyozama, na afadhali ya matairi. Ni kizito zaidi, na kikishakaa kwa tumbo ule udongo mweusi wa mbuga unakishika kama ugali wa moto. Tope lile pia linaingia katikati ya rola, yale magurudumu madogo ya chuma yaliyo ndani ya cheni. Mkilala bila kulichokoa kwa koleo na maji, asubuhi limekauka, rola hazizunguki, na cheni inasagika juu ya chuma kilichogoma. Kazi ya kusafisha chini ya cheni kila jioni huwa haimo kwenye ndoto za mtu anayetaka cheni. Muulize shemeji kama yumo.

Sasa tufungue daftari. Siku 146, tuseme saa 6 za mtambo kuunguruma kwa siku, ni saa 876 kwa mwaka. Siku 88 za sehemu ngumu ni saa 528. Hizo ndizo zinazokula mpira. Kwa niliyoyaona gereji, matairi ya kijiko yakifanya kazi kwenye zege na kifusi yanakwenda kama saa 450, dereva mbaya anaweza kuyamaliza kwenye 300. Cheni za mpira zikifanya kazi kwenye udongo zinafika saa 1,200 hadi 1,600, lakini kwenye zege na kokoto kali usizipe zaidi ya 800. Matairi manne kwa laki 5 ni milioni 2. Gawa kwa 450, ni kama shilingi 4,400 kwa saa. Jozi ya cheni kwa milioni 7.2, gawa kwa 800, ni 9,000 kwa saa. Kwa saa zako 528 ngumu, cheni zinakula milioni 4 na laki 7 na nusu, matairi yanakula milioni 2 na laki 3 na kidogo. Tofauti ni kama milioni 2.4 kila mwaka, na hapo sijagusa rola, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) na gurudumu la mbele la kukazia cheni, vitu ambavyo kijiko cha matairi hakina kabisa.

Kingine watu wanakisahau. Tairi moja likipasuka unanunua moja, hata la mtumba, saa nne asubuhi mko kazini. Cheni ikikatika unasimama. Na kwa kawaida inabadilishwa jozi, maana ukifunga mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili, mtambo unavuta upande na sproketi zinalika visivyo sawa.

Ila nisikufiche: hesabu yako haiko mbali na mpaka kama unavyodhani. Tuseme kukodi cha cheni ni laki 5 kwa siku. Wewe weka bei unayotozwa kweli. Siku 19 ni milioni 9.5 kwa mwaka. Upande wa pili, milioni 25 za nyongeza, na tuseme ukiuza baada ya miaka mitatu nusu yake inarudi: umepoteza milioni 12.5. Ongeza mpira, milioni 7.2 kwa miaka mitatu. Ongeza rola na sproketi, milioni 4 kwa makadirio ya mtu mwenye huruma. Ongeza riba ya SACCOS juu ya hizo 25, ambayo unaijua wewe. Bila riba inakuja karibu milioni 8 kwa mwaka, ukiweka na riba inasogea 9. Maana yake mpaka wako uko kwenye siku 18 hivi za tope. Mwaka jana ulikuwa palepale juu ya mstari! Kilichokupeleka hapo ni kazi moja, ile ya Mkuranga, tena iliyokutia hasara. Ukiitoa unabaki na siku 8, milioni 4 za kukodi, na hapo hakuna ubishi.

Sasa Ruvu. "Kuna mtu ameahidi" si siku ya kazi. Mimi nimeahidiwa mengi kwenye maisha haya. Bonde lile maji yanapanda, masika ndiyo hiyohiyo ya Mkuranga, na anayetaka majaruba kusawazishwa kwa haraka anataka kabla ya mvua, udongo ukiwa bado mkavu, ambapo hata matairi yanafanya kazi. Mwambie shemeji amlete huyo mtu, mwandikiane: eneo gani, mwezi gani, siku ngapi, malipo ya mwanzo kiasi gani. Akisaini siku 30 na zaidi za ardhi yenye maji na akatoa chochote mezani, niandikie tena. Nitageuza ushauri wangu, na sitaona aibu. Bila karatasi, Ruvu haiingii kwenye hesabu.

Mchanga wa Kigamboni, zile siku 39, hauamui kitu. Kwenye mchanga mkavu tairi linachimba, ni kweli, hasa dereva akikanyaga kwa hasira. Lakini mchanga uliolowa unabeba vizuri kuliko mkavu; mwagia maji njia ya kupita, fungeni matairi mapana, na ukianza kuzama simama, usizungushe. Cheni inaelea vizuri juu ya mchanga, ila mchanga ni msasa, unalamba meno ya sproketi. Na ufukweni kuna chumvi. Ndani ya ule mpira wa cheni mna nyuzi za chuma. Jiwe kali au kipande cha nondo kikikata mpira, maji ya chumvi yanaingia, nyuzi zinaoza kimyakimya, siku moja cheni inakatika kwenye kiwanja cha mtu huku nje ukiiona bado nzima.

Kwa zile siku 8 za tope za hapa na pale kuna njia ya katikati ambayo shemeji huenda anaijua: cheni za chuma au za mpira zinazovalishwa juu ya matairi, moja kwa kila upande. Unavalisha masika, unavua kiangazi. Si mbadala wa kijiko cha cheni cha kweli, lakini zinakutoa kwenye kiwanja chenye utelezi. Kabla ya kununua pimeni nafasi kati ya tairi na bodi, vijiko vingine vinabana na vinahitaji vipande vya kusogeza magurudumu nje. Na zile za chuma zisiguse pevingi ya mteja hata dakika moja. Utalipa tofali zote.

Kuna jambo moja la usalama ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye kibati cha mtambo imeandikwa kilo unazoruhusiwa kubeba. Kile cha matairi kwa kawaida kinaandikiwa nusu ya mzigo unaotosha kukipindua kwa mbele. Cha cheni kinaandikiwa asilimia 35 tu ya mzigo wake wa kupindua. Kwa hiyo vibati viwili vikisoma kilo 900, cha matairi kinaanza kunyanyua makalio kwenye 1,800, cha cheni kinasubiri mpaka kama 2,570. Yaani cha cheni kina akiba kubwa zaidi usiyoiona, na dereva aliyezoea cheni akirudi kwenye matairi anaweza kujisahau. Baketi la mita za ujazo 0.4 likijaa mchanga uliolowa linakaribia kilo 760. Likiwa chini karibu na ardhi, sawa. Likiwa juu huku kijiko kinakata kona kwenye mteremko, mnatafuta msiba. Na mlimani upande mzito ndio unaotangulia juu: baketi tupu, panda kinyumenyume, baketi limejaa, panda kwa mbele.

Usafiri nao. Kilo 2,900 pamoja na baketi unaweza kupata Canter ya kuibeba kihalali, kwa mbao nzuri za kupandishia. Kilo 3,600 hadi 3,700 zinakusukuma kwenye gari kubwa zaidi, na kila safari inapanda bei. Hilo halimo kwenye hesabu yangu ya juu. Liongeze mwenyewe, safari unazo kwenye daftari.

Nimefika kwa shemeji. Mwanangu, mtu aliyechekwa kwenye video hashindwi kwa hesabu. Ukimwekea daftari mezani mara ya pili atasema lilelile alilosema mara ya kwanza. Mpe kazi ambayo yeye peke yake anaiweza: kukagua. Mwambie, "Shemeji, mimi nimehesabu siku, wewe ndiye unayejua chuma. Nenda kaniambie kama kile cha matairi ni kizima. Kikiwa kibovu hatununui." Halafu mheshimu kwa jibu atakalokuja nalo, hata likikuudhi.

Na mpatane kuhusu matairi. Nimesema dereva mbaya anayamaliza kwa saa 300 na mzuri 450. Tofauti yote iko kwenye kona: kujizungusha hapohapo kama pia, au kurudi nyuma kidogo na kugeuka kwa hatua tatu. Siku zote ajue uzito umekaa wapi: baketi tupu, uzito uko nyuma, magurudumu ya mbele ni mepesi na yanateleza tu, baketi limejaa, uzito unahamia mbele. Dereva anayegeuka akilijua hilo anaokoa mpira mwingi. Weka kwenye daftari saa ambazo matairi yalifungwa. Yakivuka 450, laki moja mfukoni mwake kwa kila saa 50 za ziada. Utamlipa kwa furaha, kwa sababu kila saa hizo 50 zinakuokolea laki 2 na elfu 20.

Ukaguzi wenyewe ufanyike asubuhi, mtambo ukiwa wa baridi, na mwambieni muuzaji asiuwashe kabla hamjafika. Shemeji asikilize unavyowaka. Kisha uendeshwe nusu saa nzima, kubeba, kunyanyua, kurudi nyuma, maana pampu na mota za haidroliki zilizochoka zinajificha oili ikiwa baridi. Ikipata moto ndipo zinasema. Apeleke fimbo zote mbili za kuendeshea mbele sawasawa kwenye eneo tambarare: mtambo ukivuta upande mmoja, mota au pampu ya upande huo ina shida, au fimbo zinataka kurekebishwa. Cha kwanza ni pesa nyingi, cha pili ni spana, na fundi ndiye atakayewaambia kipi ni kipi. Atikise baketi kwa nguvu aone pini zinacheza kiasi gani. Aangalie kama mkanda na ile fimbo ya usalama ya mbele ya kiti bado vinazuia mtambo kufanya kazi dereva asipokaa. Vijiko vingi vya mtumba vimeunganishwa waya ili kuvidanganya. Mkikuta hivyo, bei ishuke na waya urudishwe kabla ya kazi ya kwanza. Mtu yeyote asiingie chini ya mikono ya baketi iliyonyanyuliwa bila kile kizuizi cha chuma kushikilia. Hata kuokota simu.

Halafu kuna sanduku la cheni. Ndiyo, kijiko cha matairi nacho kina cheni. Iko ndani tu. Kwenye vingi vya aina hii nguvu ya mota inafika kwenye magurudumu kwa cheni za chuma zinazoogelea kwenye oili, kila upande na zake. Toeni oili kidogo kwenye kikombe cheupe. Ikiwa na maji itakuwa kama chai ya maziwa. Ikiwa na unga wa chuma unaong'aa, cheni na meno yake vinaisha. Shemeji akijua kwamba huko ndani kuna cheni anayotakiwa kuilinda, labda mdomo utalegea akacheka kidogo.

Sasa zawadi ya muuzaji. Matairi mapya manne ni milioni 2, na hakuna mfanyabiashara anayevaa milioni 2 kwenye mtambo wa kuuza kwa sababu ya mapenzi. Huenda ya zamani yaliisha tu, basi. Huenda pia yalikuwa yanaeleza jambo ambalo hakutaka ulisome: upande mmoja umelika kuliko mwingine kwa sababu mtambo unavuta, au ya nyuma yameisha ya mbele mabichi kwa sababu ulifanya kazi moja tu miaka yote, au yamechanwachanwa ubavuni na nondo, dalili ya kubomoa majumba, na kazi ya kubomoa inaumiza pini na mikono. Kwa hiyo muulize kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetafuta matairi ya kuzungushia bustani: "Yale ya zamani mmeyatupa wapi?" Yadi hizi hazitupi kitu, mara nyingi yamelala nyuma ya ukuta. Ukiyakuta, yapange chini kama yalivyokuwa kwenye mtambo, muuzaji akukumbushe lipi lilikuwa wapi, piga picha moja kwa kila tairi, uso na ubavu, unitumie. Akikwambia hakumbuki hata moja, nitumie hivyohivyo.